Sauti ya nyenje

Mmetuuliza wiki hii: ni sauti gani unayoijua hasa, lakini uso wa mwenyewe hujapata kuuona? Kidogo nimtaje yule bwana aliyekuwa akisoma matangazo ya vifo kwenye redio ya hapa Unguja nilipokuwa mdogo. Akianza tu, bibi huacha kukuna nazi, sisi hunyamazishwa kwa jicho, na mpaka litajwe jina la marehemu na mahali atakapozikwa hapana anayetia neno. Lakini huyo naona wengi wenu mtamtaja, kwa hiyo mimi nakuleteeni nyenje.

Nyenje mwenyewe ni yule wa Pinocchio, katuni ya Walt Disney ya mwaka 1940, mwenye kofia na mwavuli, anayefuatana na kijana wa mbao kumkumbusha mema na mabaya. Nilimwona kwa mkanda wa video kwa jirani Michenzani, chumba kimejaa watoto hadi mlangoni, na Kiingereza hatukijui. Sauti ile ilifahamika bila ya maneno. Ilikuwa na huruma na ujanja kidogo, kama ya mjomba anayejua kuwa umeiba embe na bado hajaamua kukusemea.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua ni ya nani. Cliff Edwards, mzaliwa wa Hannibal, Missouri, mwaka 1895. Alitoka skuli na miaka 14 akaenda kuimba kwenye vilabu vya pombe vya St. Louis, na kwa kuwa piano za huko hazikuwa za kutegemewa, akajinunulia ukulele, kigitaa cha nyuzi nne cha bei rahisi. (Wapiga gambusi wetu wa zamani wangemwelewa: ala ndogo, unaikumbatia, unakwenda nayo popote.) Mwenye klabu mmoja, jina la Edwards likimtoka kila siku, akamwita Ukulele Ike, na likabaki hilo. Mwaka 1924 alikuwa jukwaani Broadway, kwenye majumba makubwa ya michezo ya New York, pamoja na mcheza dansi Fred Astaire. Mwaka 1929 aliimba "Singin' in the Rain" kwenye filamu, miaka 23 kabla ya mcheza dansi Gene Kelly kuuchezea mvuani katika filamu yenye jina hilo hilo.

Halafu zama zikageuka. Wakaja waimbaji wa kubembeleza maikrofoni kwa sauti nzito, na kisauti chake chembamba kikaonekana cha kizamani. Hapa ndipo ninapomheshimu, maana hakukaa barazani kungoja aitwe tena mbele. Alichukua nafasi za pembeni, moja baada ya moja, mpaka filamu zake zikapita mia. Mara mwandishi wa gazeti, mara rafiki wa stelingi kwenye kauboi, yule wa kuchekesha na kuimba kidogo farasi wakipumzika. Wazee waliokulia Majestic na Cine Afrique mtu wa namna hiyo wanamjua vizuri, ingawa jina lake hawalikumbuki kamwe. Katika Gone with the Wind ya mwaka 1939 yumo pia, askari majeruhi hospitalini, anasikika tu na sura haonyeshwi. Mwaka uliofuata akawa mdudu.

Kwenye katuni ile sauti ndiyo iliyotangulia. Edwards alirekodi kwanza, kisha wachoraji, akiwamo Ward Kimball aliyemuumba nyenje huyo, wakachora mdomo na nyusi kufuata alivyotamka. Dada yangu yalimkuta kinyume. Yeye ni mwimbaji wa kikundi cha taarabu hapa mjini, na aliwahi kuitwa Dar kutia sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia ya Kituruki. Mdomo umeshafunguka na kufungika huko Istanbul. Kazi yake ni kuyaingiza maneno yetu humo humo, yasibaki wala yasipungue. (Malipo siyasemi.) Kilichomwokoa, anasema, ni taarabu. Mwimbaji anajua pumzi aivute wapi ili ubeti usikatike, na anajua kunyamaza fidla zikijibizana na ganuni bila ya kupoteza mahali pake. Wenzake waliojua kuigiza tu walikuwa wakiukimbiza mstari kama gari la shamba linalowaacha.

Tangu aniambie hivyo, namsikiliza nyenje anapozungumza zaidi kuliko anapoimba. Kila sentensi ina pahala inapopanda na inapotua. Wimbo wenyewe, "When You Wish Upon a Star", ulipata Oscar, na kampuni ya Disney inautumia mpaka leo kama wimbo wake. Pale mwisho anaipandisha sauti juu kabisa, nyembamba kama uzi, na haikatiki. Katika hadithi ya asili ya Carlo Collodi nyenje hupigwa nyundo mapema akafa. Kwenye filamu anaishi mpaka mwisho.

Edwards mwenyewe hakumaliza vizuri. Pesa zilikwenda kwa kamari, pombe na wake watatu alioachana nao. Alifariki Julai 1971, na miaka 76, katika nyumba ya kutunzia wagonjwa huko Hollywood. Maiti yake haikuulizwa na mtu, ikapelekwa chuo kikuu cha UCLA wanafunzi wa udaktari wajifunzie. Watu wa Disney waliposikia walitaka kugharimia mazishi. Mwisho mifuko ya misaada ya waigizaji ndiyo iliyomzika, na Disney wakalipia jiwe la kaburi.

Nilimsimulia dada habari hii jioni moja akiwa anasuka ukili. Bi Kidude alipozikwa Kitumba mwaka 2013 dada alikuwepo, na bado huhadithia watu walivyojaa njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono umesimama.

"Na nani aliyemwosha?" akaniuliza.