Paa la tela limepasuka? Acha kwanza hiyo silikoni

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Njombe alinitumia ujumbe saa tano usiku: "Kaka, nimepata tela la kukunja, lile la kulala porini. Paa lina nyufa tatu na sakafu inabonyea. Nipake silikoni ya aina gani?" Nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza. Swali hilohilo niliuliza mimi miaka minne iliyopita, na jibu nililopewa lilinigharimu sakafu nzima.

Kwa asiyelijua, tela la kukunja ni sanduku pana lenye magurudumu. Ukifika kambini unazungusha mkono wa chuma, paa linapanda, vitanda vinavutwa pembeni, turubai linasimama. Langu ni la Kimarekani, la miaka ya 1990. Familia ya wamisionari ililileta kwa kontena, na ilipoondoka ikaliacha nyuma ya banda la kuku hapa Uyole, Mbeya. Nililipata kwa bei ya ng'ombe wawili. Ndoto yangu naamini ndiyo yako: Kitulo maua yakichanua, Matema watoto wakicheza ufukweni, Ruaha bila kulipa hoteli. Shemeji yangu alilizunguka mara moja, mikono mfukoni, akasema, "Umenunua jeneza la familia." Maneno hayo sijayasahau, na yeye anajua.

Fundi wa kwanza, simtaji, alipanda juu akapaka silikoni kila ufa kama anayepaka siagi kwenye mkate, akapokea hela yake, akaenda zake. Ilikuwa Oktoba. Novemba mvua zikaanza, na Krismasi ilipofika ndani kulinuka uyoga. Januari nilikanyaga karibu na mlango, mguu ukazama hadi kifundo.

Kumbe mbao zilikuwa zimeshakunywa maji tangu zamani, sisi tukayafungia ndani. Na maji mapya wala hayakupita kwenye ufa! Hilo nililigundua siku mke wangu alipokubali kumwagia paa maji kwa kopo, kipande kwa kipande, akianzia chini kwenda juu, mimi nikiwa ndani na tochi mdomoni. "Bado?" Bado. "Bado?" Bado. Kopo la tisa, kwenye tundu za skrubu za reli ya pembeni, tone likaniangukia shingoni karibu mita nzima kutoka pale alipomwaga. Maji yalikuwa yanatambaa chini ya plastiki hadi mlangoni. Ndugu yangu, usiamini doa. Doa ni mahali maji yanapotokea tu, mlango wake uko kwingine.

Ukishaujua mlango wa maji, kausha. Hapa ndipo nilipofanya ujinga mkubwa kuliko wa fundi. Nilikuwa na haraka, ni Juni, unaijua baridi ya Mbeya, nikaingiza jiko la mkaa ndani na kushusha turubai. Baada ya nusu saa kichwa kikaanza kugonga, magoti yakalegea. Mke wangu ndiye aliyenivuta nje kwa kola. Hewa ya mkaa haionekani na inaua, usijaribu hata kwa dakika tano. Toa kapeti, ng'oa bodi zilizooza, acha jua na upepo vifanye kazi. Langu lilikaa wazi wiki tatu. Bisibisi ndiyo ilinipa jibu: mbao ikikataa kuchomwa, ni nzima. Ikiingia kama kwenye muhogo wa kuchemsha, ng'oa.

Sasa paa. Kabla hujanunua chochote jua ni la nini. Dondosha tone la asetoni mahali pasipoonekana, subiri kidogo, gusa kwa kucha. Pakilainika na kunata, ni plastiki iitwayo ABS, kama langu. Pakibaki pagumu, huenda ni faibaglasi, na dawa yake ni rezini (gundi ya maji inayoganda) na mkeka wake wa nyuzi za kioo, kazi ambayo mafundi wa bodi za magari wanaijua.

Kwa ABS hakuna gundi inayoshinda ABS yenyewe. Nilikwenda kwa mafundi pikipiki Mwanjelwa nikaokota vipande vya makava ya bodaboda yaliyovunjika. Geuza kipande, kwa ndani utakuta herufi. Zikiwa ABS chukua, zikiwa PP, plastiki ya aina nyingine, tupa, hakiyeyuki. Nikavikatakata kama ukucha, nikavitia kwenye chupa ya kioo, nikamimina asetoni ivifunike. Asubuhi ulikuwa uji mzito, mwekundu kwa sababu kava lilikuwa jekundu. Watoto walidhani ni jamu. (Fanyia nje, mbali na moto. Asetoni inadaka moto kama petroli.)

Mwisho wa kila ufa nikatoboa tundu la milimita 3 ili usiendelee kukimbia, nikauchonga ufa uwe mfereji, nikapiga msasa, nikajaza uji ule kwa tabaka nyembamba, siku moja moja. Ukijaza kwa mara moja unapata mapovu. Kwa upande wa ndani nikabandika wavu ule wa mafundi jipsamu, nikaupaka uji juu yake. Lakini kabla ya hayo yote nilikaa siku mbili na wembe nikikwangua silikoni, maana juu yake hakishiki kitu, si uji wala rangi. Siku mbili! Nilimkumbuka yule fundi kwa kila mkwaruzo.

Tundu za skrubu nilizipanua kidogo, nikaweka washa za mpira na ile gundi nyeusi ya vioo vya magari. Plastiki inatanuka mchana na kusinyaa usiku kuliko fremu yake, ukiibana sana itapasukia palepale kwenye skrubu. Mwisho rangi nyeupe ya maji, tabaka mbili, kwa sababu jua la huku juu linaikausha plastiki mpaka inakatika kama biskuti.

Sakafu haina hadithi. Plaiwudi nilifuata Mafinga, nikapaka vanishi mara tatu kwenye kingo, ndizo zinazonyonya maji.

Turubai ndilo linalowashinda wengi, na hapa nasema kwa ukali: vijana tunapenda kufika, hatupendi kutunza. Usikunje turubai bichi. Kama mvua imekulazimisha kukunja, ukifika nyumbani lifungue siku hiyohiyo, hata kama umechoka na kesho ni kazi. Ukungu ukishaingia, brashi laini na siki, usitie klorini, inakula nyuzi.

Aprili tulilala Matema usiku tatu, mvua ikipiga kama inadai deni, na shuka zilikuwa kavu. Shemeji alikuwepo. Hakusema kitu, ila asubuhi nilimkuta amepanda kwenye tairi anachungulia makovu yangu. Juzi kaniomba alipeleke Tukuyu wikiendi moja.

Kaka wa Njombe, picha ulizonitumia ni za paa tu. Nipigie za kona kwa ndani, chini ya reli, na uchome bisibisi pale mlangoni.