Ufadhili wa ada kwa nafuu ya kodi Arizona: nani achangie, nani aombe?

SWALI: Habari za kazi, kaka. Tunaishi Phoenix, mimi, mume wangu na watoto wetu wanne, wote wako shule ya umma. Tulifika hapa tukitokea kambi ya Nyarugusu. Mume wangu anafanya kazi ghalani, mimi nasafisha vyumba hotelini, na kwa mwaka tunaingiza jumla kama dola 68,000. Ningependa watoto wawili wahamie shule ya binafsi ya kanisa letu, lakini ada hatuiwezi. Mwenzetu mmoja amenishauri hivi: mimi nichangie dola 500 kwenye shirika la ufadhili, lile linalokusanya michango na kuwalipia watoto ada ya shule ya binafsi, na niandike jina la mwanawe, yeye achangie vivyo hivyo aandike la mwanangu, kisha serikali itaturudishia wote wawili. Ni halali? Na mimi ninayerudishiwa pesa kila mwaka, nina kodi gani ya kuchangia? Nimesikia pia kuna sheria mpya ya dola 1,700. Naomba unifafanulie.

JIBU: Dada yangu, asante kwa kuuliza kabla ya kutoa hizo pesa. Nianze na lile la hatari.

Mpango wa mwenzako ni haramu kwa maandishi ya sheria yenyewe. Arizona inakataza mlipakodi kudai nafuu hii ikiwa amekubaliana na mwingine wabadilishane michango ili mtoto wa mmoja wao anufaike. Inakataza pia kuchangia kwa ajili ya mtoto wako mwenyewe unayemtegemeza. Mchangiaji anaruhusiwa kupendekeza jina la mwanafunzi, ila shirika haliruhusiwi kutoa ufadhili kwa kutegemea pendekezo hilo peke yake. Onyo hili utalikuta kwenye karatasi za mashirika hayo, kwa sababu sheria inayalazimisha kuliandika. Huenda mwenzako hana nia mbaya, na makubaliano ya mdomo ni vigumu kuyathibitisha, lakini ukiweka sahihi kwenye ritani (tamko lako la kodi la mwaka) umekiri kwamba kila kilichomo ni kweli. Usiingie.

Sasa pesa hizi zinatoka wapi? Nafuu ninayoizungumzia inaondolewa kwenye kodi yenyewe, dola kwa dola. Haifanani na yale makato ya kawaida ya sadaka, ambayo hupunguza tu kipato kinachotozwa kodi. Wengi hudhani kwamba anayerudishiwa pesa hana kodi. Sivyo. Kinachorudi ni ziada ya kile mwajiri alichokata kwenye mishahara yenu mwaka mzima. Kodi yenu halisi imeshabaki serikalini.

Tuchukue familia kama yenu. Tuseme baada ya makato, kipato kinachotozwa kodi ya jimbo ni dola 36,000. Kiwango cha Arizona ni asilimia 2.5 kwa kila mtu, kwa hiyo kodi ni dola 900. Kila mtoto aliye chini ya miaka 17 hupunguza dola 100. Kwa watoto wanne ni 400. Mnabaki na kodi ya dola 500. Ikiwa waajiri waliwakata dola 1,300 za jimbo, mtarudishiwa 800. Lakini mkichangia dola 500 kwenye shirika la ufadhili, kodi yenu inakuwa sifuri na mtarudishiwa zote 1,300. Kwa hiyo kweli unaweza kuchangia bila kupoteza, mradi ujue mambo mawili. Kwanza, pesa inatoka mfukoni leo na kurudi baada ya ritani kushughulikiwa. Ndiyo maana wateja wangu wenye kipato kidogo nawaambia wachangie kati ya Januari na Aprili 15, muda ambao sheria inaruhusu mchango uhesabiwe kwenye mwaka uliopita, kisha wapeleke ritani mara moja. Pili, ukichangia zaidi ya kodi unayodaiwa, ziada hairudishwi taslimu. Inasogezwa mbele hadi miaka mitano. Na dola hizohizo usizidai tena kama sadaka kwenye ritani ya serikali kuu. Kanuni ya mwaka 2019 ilifunga njia hiyo.

Fomu ni namba 323 kwa mchango wa kawaida, 348 kwa ule wa nyongeza unaozidi kikomo cha huo wa kawaida, pamoja na 301 ya majumuisho. Tunza risiti.

Hata hivyo, kwa familia yako mimi nisingeanza na kuchangia. Ningeanza na kuomba. Hapa ndipo watu wetu wengi wanapopitwa, na inaniuma kila msimu wa kodi, kwa sababu kuna fungu lililotengwa kisheria kwa ajili ya familia zenye kipato kidogo na hawalijui.

Arizona ilianza mwaka 1997, ikiwa ya kwanza Marekani kutoa nafuu ya aina hii kwa watu binafsi. Sheria ile haikuweka kikomo cha kipato kwa mwanafunzi, na kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa: mtoto wa daktari anaweza kupata, na wa mfanyakazi wa ghala akakosa, eti kwa kuwa wazazi wa yule wa kwanza wanawajua wachangiaji wengi. Mwaka 2006 ikaongezwa nafuu kwa kampuni, na pesa zake ni za wanafunzi wa familia zenye kipato cha chini peke yao. Kampuni hulitaarifu shirika, shirika huiombea kibali kwanza Idara ya Mapato ya Arizona, kisha kampuni hulipa kwa shirika, na shirika hugawa. Angalau asilimia 90 ya michango lazima iende kwenye ufadhili. Mwaka 2009 likaja fungu jingine kwa watoto wenye ulemavu na waliowahi kulelewa chini ya uangalizi wa jimbo. Kama mmoja wa wanao ana ulemavu uliothibitishwa, ulizia hilo pia.

Usijiondoe mwenyewe ukidhani mshahara wenu umezidi. Kikomo hupatikana kwa kuchukua kiwango cha kipato cha chakula cha shule cha bei nafuu na kukizidisha kwa asilimia 185. Kwa mwaka wa shule wa 2025–26, familia ya watu wanne ilikuwa na kikomo cha takriban dola 110,000, na ya watu sita kama yenu takriban dola 147,700. Dola 68,000 ziko chini kabisa ya hapo. Ubaya wake ni kwamba mtashindana na familia zenye kipato karibu mara mbili ya chenu, kwa hiyo ombeni mapema, na ombeni kwa mashirika kadhaa. Hakuna kosa kupata sehemu ya ada huku na sehemu kule, ili mradi jumla isizidi ada.

Lipo sharti moja ambalo limewaangusha wengi. Kwa fungu la kampuni, mtoto awe ametoka shule ya umma, akiwa amesoma huko kwa siku 90 au zaidi katika mwaka uliotangulia, au awe anaanza chekechea. (Ziko njia nyingine chache, mfano watoto wa wanajeshi.) Wanao wanalitimiza sasa hivi. Ukiwahamisha kwa kujikamua na kukopa, ukitumaini ufadhili utafuata baadaye, mwaka ukipita bila kuupata mlango huo unaweza kufungwa. Kwa hiyo pata barua ya ufadhili kwanza, ndipo uwatoe walipo.

Kuna jambo shule nyingi hazitakutajia. Arizona ina pia akaunti za elimu ambazo tangu 2022 ziko wazi kwa kila mtoto wa jimbo. Humo serikali yenyewe huweka pesa, kwa kawaida kati ya dola 7,000 na 8,000 kwa mtoto asiye na mahitaji maalumu, na zinaweza kulipia vitabu na walimu wa ziada, si ada tu. Mtoto hawezi kuwa na akaunti hiyo na ufadhili wa shirika kwa wakati mmoja. Piga hesabu ya ada ya shule unayoitaka, uone ipi inakutosha. Mimi huyapendelea mashirika pale ufadhili unapokaribia ada yote, kwa sababu mkataba wa akaunti ni mzito: unasaini kwamba unaiondolea wilaya ya shule wajibu wake kwa mwanao.

Na kabla ya lolote, nenda kaulize shule hiyo itawasaidiaje watoto ambao bado wanajifunza Kiingereza. Shule ya umma ina wajibu wa kisheria wa kuwapa msaada huo. Ya binafsi haibanwi vivyo hivyo, na mtoto mwenye ulemavu hupoteza haki ya mpango wake binafsi wa elimu maalumu akihamishwa na mzazi. Mimi naunga mkono ufadhili huu kwa moyo wote, kwa kuwa mwenye pesa amekuwa akichagua shule siku zote kwa kuhamia mtaa mzuri, na sioni kwa nini mama anayesafisha vyumba asichague. Lakini kuchagua bila habari kutamwumiza mtoto.

Watu huniuliza kama pesa hizi ni halali kwa shule za dini. Ndiyo. Mahakama ya Juu ya Arizona iliukubali mpango mwaka 1999. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema walipakodi waliopinga hawakuwa na haki ya kufungua shauri, kwa kuwa mchango huo haujawahi kuingia hazina ya serikali. Mwaka 2020, katika kesi ya mama wa Montana aitwaye Kendra Espinoza, ikaamua kwamba jimbo likianzisha msaada kwa shule za binafsi haliwezi kuzitenga kwa sababu tu ni za dini. Ada ikilipwa hivi, kwa kawaida haihesabiwi kuwa kipato chako.

Kuhusu watoto wawili watakaobaki shule ya umma: sehemu ya zile dola 500 za kodi mnaweza kuitumia huko. Wanandoa wanaruhusiwa hadi dola 400 kwa shule ya umma, kwa michezo, muziki, safari za masomo na shughuli kama hizo, na hapa karo ya shughuli ya mtoto wako mwenyewe inakubalika. Ukilipia mpira wa mwanao, omba risiti ya kodi palepale ofisini.

Ile ya dola 1,700 ni ya serikali kuu, iliyosainiwa Julai 4, 2025, na inaanza mwaka wa kodi wa 2027. Mtu binafsi atakayechangia shirika linalotambuliwa atapata nafuu isiyozidi kiasi hicho, ikipunguzwa na nafuu aliyopewa na jimbo kwa mchango uleule. Kuteua mtoto fulani hakuruhusiwi kabisa. Mwanafunzi atastahili ikiwa kipato cha familia hakizidi asilimia 300 ya kipato cha kati cha eneo analoishi, wa shule za umma wakiwemo, na pesa zinaweza kugusa hata sare, usafiri na masomo ya ziada. Lakini ni lazima jimbo likubali kwanza kushiriki, kila jimbo kwa uamuzi wake. Ninyi mtakuwa upande wa waombaji, kwa hiyo wekeni tayari ritani za miaka miwili iliyopita, vyeti vya kuzaliwa vya watoto au hati zenu za ukimbizi, na barua ya shule ya sasa inayoonyesha mahudhurio. Karatasi hizohizo mashirika ya jimbo yatazitaka mwaka huu, na barua ya mahudhurio ndiyo huchelewa, kwa hiyo iombeni kabla shule hazijafungwa mwezi wa tano.