Jakuzi Iyumbu: nimenunua pampu ya joto mara mbili, wewe nunua mara moja

Wenzangu wa ofisini Mtumba, kwenye mji wa Serikali hapa Dodoma, walicheka sana waliposikia nimenunua jakuzi, lile beseni kubwa la kukalia ndani ya maji ya moto. "Dodoma hii ambayo maji tunakinga kwa ratiba, wewe unayakalia?" Sikuwa na jibu. Lakini jakuzi lilishafika kwangu Iyumbu, tayari limetumika, juu ya lori lililotoka Dar: la watu wanne, linajaa kwa lita 1,000 hivi. Mke wangu alikuwa na mgongo unaomsumbua. Mimi nilikuwa na tamaa tu. Na kilichotutesa baadaye hakikuwa maji, ambayo tunajaza mara moja na kuyatibu kwa klorini. Kilichotutesa ni joto.

Lilikuja na hita ya kawaida ya kilowati 3, ile ya kuchemsha kama birika. Sasa piga hesabu. Kupandisha lita 1,000 kwa nyuzi moja tu kunahitaji yuniti 1.16, na hakuna fundi wa kuipunguza hiyo. Asubuhi ya Julai maji ya simtanki yana nyuzi 20 hivi. Kuyafikisha 38 ni nyuzi 18, yaani karibu yuniti 21 na saa saba za hita. Kwa sisi wa kundi la kawaida la Tanesco, 10,000 ya luku inatoa yuniti 28, kwa hiyo robo tatu ya noti inaishia kwenye beseni moja. Kama wewe uko kundi la D1, lile la bei nafuu kwa wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi, jakuzi lenye hita litakutoa humo mapema mno.

Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Friji inaliondoa joto lililo ndani yake na kulimwaga nyuma, ndiyo maana mgongo wake una moto. Pampu inavuta joto lililomo kwenye hewa ya uani na kulisukuma kwenye maji. Umeme unaendesha kompresa (ile mashine inayokandamiza gesi) na feni tu. Ukitoa yuniti moja unaweza kupata tatu, nne, hata tano za joto. Uwiano huo huandikwa COP kwenye lebo, na kwenye lebo ndipo nilipoliwa.

Pampu ya kwanza niliinunua Dar, duka sitalitaja. Lebo ilisema COP 5.8, nikaona nimeokota dhahabu. Tukaifunga, ikapandisha maji vizuri mpaka 35, ikazima. Tukaiwasha, ikazima. Kumbe ilikuwa ya bwawa la kuogelea, na mabwawa hayahitaji zaidi ya hapo. Nilipompigia muuzaji alinijibu, "Bosi, joto ni joto." Maji ya nyuzi 35 ukiyakalia usiku wa Julai, upepo unakupiga mabegani, utatoka unatetemeka. Niliiuza kwa hasara kwa mtu mwenye kibwawa cha watoto. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza: mwisho wake ni nyuzi ngapi? Isiyofika 40 iache hapo hapo, hata ikipunguzwa bei nusu.

Na ile 5.8? Haikuwa uongo. Maandishi madogo chini yake yalisema hewa nyuzi 27, maji nyuzi 27, unyevu wa hewa asilimia 80. Soma tena hayo masharti ukiwa umesimama Dodoma mwezi wa nane. Hewa yetu ni kavu mpaka midomo inapasuka, na usiku inashuka kwenye nyuzi 14. Maji tunayataka 38. Pampu hupenda pengo dogo kati ya hewa na maji, na hupenda unyevu, kwa sababu mvuke unapogeuka matone kwenye koili, yale mabomba yanayovuta joto la hewa, unaachia joto la ziada. Lebo imepimwa kama vile unaishi Tanga wakati wa mvua na unaoga maji ya uvuguvugu.

Ya pili, ninayotumia mpaka leo, ni ya kilowati 5 za joto. Niliifungia mita ndogo kwenye waya wake peke yake nipate ukweli. Alfajiri ya Julai, kutoka 28 hadi 38, ilikula yuniti 3.9. Hita ingekula 11.6, kwa hiyo hapo COP ni 3 tu. Oktoba saa nane mchana, kazi ile ile ilikula 2.7. Mashine ni ile ile, nimebadilisha saa tu. Siku hizi taima inaiwasha saa saba mchana, saa kumi na moja maji yako tayari, na usiku inalala.

Muuzaji akikuonyesha lebo, tafuta mstari wa pili, ule wa hewa nyuzi 15. Namba hiyo ndogo ndiyo iliyo karibu na maisha yetu. Lebo isiyo na mstari huo mimi siinunui.

Ila niseme jambo ambalo duka halitakwambia, kwa kuwa halina faida nalo: kifuniko kwanza, mashine baadaye. Joto la jakuzi halikimbilii ardhini, linaondoka na mvuke. Kila lita inayokauka juu ya maji inaondoka na joto la karibu theluthi mbili ya yuniti, na kwa upepo huu wa Dodoma na hewa hii kavu, lita zinaondoka kweli. Nilijaribu usiku mmoja bila kifuniko: 38 jioni, 29 asubuhi. Nikampa fundi wa magodoro vipande vya povu gumu la unene wa sentimita 5, akavivisha turubai nzito, akakata kwa umbo la beseni. Usiku uliofuata, 38 ikashuka hadi 35. Nilichookoa ni joto la yuniti saba kwa usiku mmoja. Ungeniambia nichague kimoja, ningechagua kifuniko na hita mbovu kuliko pampu nzuri na jakuzi wazi.

Kompresa chukua ya inveta. Ile ya kuwaka na kuzima inapoanza huvuta umeme kwa kishindo, taa za sebuleni zinafumba macho, na kwa umeme wetu unaopanda na kushuka hiyo ni kuitafutia ajali. Inveta huanza taratibu na hupunguza mwendo maji yakikaribia joto. Hata hivyo weka kilinda umeme.

Gesi iliyo ndani ya pampu, ile inayobeba joto, nayo uliza. Kwangu ni R32, kwa sababu mafundi friji wa hapa mjini wanaijua kwenye AC mpya. R22 ukiikuta kwenye mashine ya mtumba, kimbia. Inaondolewa duniani na kuijaza kutakusumbua.

Halafu maji yetu. Anayechemsha chai Dodoma anaujua ule ukoko mweupe wa birika. Hita yangu ya kwanza ilivaa koti la chokaa mpaka ikapasuka. Ndani ya pampu, bomba linalogusana na maji liwe la titani, si shaba. Klorini na chumvi huila shaba polepole. Januari mimi hujaza kwa maji ya mvua kutoka bati, na hapo chujio linapumzika.

Usiifungie stoo ati isiibiwe. Feni inatoa hewa baridi, na kwenye chumba itavuta baridi yake yenyewe mpaka igome. Iache nje, mgongo sentimita 50 kutoka ukutani, mbele wazi. Vumbi la Septemba huziba mapezi ya koili. Kila wiki mbili nayasugua kwa brashi laini na maji. Masika utakuta kidimbwi chini yake. Usiite fundi, ni jasho la hewa. Mimi nilimwita, akala nauli yangu, akacheka.

Waya wa ethi na breka inayokata umeme ukivuja si vya kujadili. Hapo unalaza familia kwenye maji na umeme pembeni. Joto usizidishe 40, dakika ishirini zinatosha, na mjamzito au mwenye presha amwone daktari kwanza.

Kuhusu sola za kupasha maji, najua mtauliza, jua la Dodoma halina mpinzani. Ninayo moja ya bafuni. Kwa jakuzi hutumia maji yake siku ya kujaza tu, kwa sababu yanaingia na nyuzi hamsini na pampu haina la kufanya siku hiyo.

Kelele: uliza zimepimwa kwa umbali gani. Kampuni nyingine hupima mita 10 ili namba ionekane ndogo, na mita 1 ndiyo dirisha la jirani. Wangu alikuja wiki ya kwanza kuuliza kama tumefungua mashine ya kusaga. Nikaisogeza upande wa banda la kuku. Kuku hawajalalamika.