Leos Carax: kwa nini filamu chache hivyo, na uanzie ipi?

Ndugu, umeuliza kwa nini Carax, mwongozaji wa filamu Mfaransa, alitoa filamu mbili haraka kisha akapotea miaka mingi. Chanzo ni filamu yake ya tatu, Les Amants du Pont-Neuf, inayotokea kwenye daraja la Pont-Neuf. Boy Meets Girl (1984) na Mauvais Sang (1986) zilimpa jina akiwa kijana, akaaminiwa fedha nyingi. Kibali cha kupiga picha kwenye daraja lenyewe, Paris, kilikuwa cha muda mfupi; mwigizaji mkuu, Denis Lavant, akaumia mkono na kibali kikaisha. Ikabidi wahamie Lansargues, karibu na Montpellier, kusini mwa Ufaransa, kwenye mfano wa daraja uliojengwa kwa gharama kubwa. Fedha zikakata, kazi ikasimama zaidi ya mara moja, hadi mtayarishaji Christian Fechner alipoingia kuimalizia. Ilitoka 1991, na wawekezaji wakawa wanamwogopa.

Pola X (1999) haikumsaidia, nami naiona dhaifu kuliko zote. Holy Motors (2012) ndiyo iliyomrudisha: aliipiga kwa kamera ya dijitali, njia nafuu. Annette ikampa tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes, 2021.

Anza na Mauvais Sang, halafu Les Amants. Holy Motors usiiwahi: inanoga zaidi ukishamzoea Lavant.