Kwa nini sikukuita kuushuhudia wasia wangu

Langoni, Lamu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mamako anakusalimu sana, na anasema dawa zake za presha zilifika Mokowe na basi la Jumanne, mashua ikazivusha siku hiyo hiyo.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilisikia umeumia tu, mara ya pili ndipo nikasikia unachouliza. Umesema umepata habari kwa watu kwamba babako ameandika wasia na kuita watu baki waushuhudie, na ilhali wewe na kaka yako mpo. "Kwani Baba hutuamini?" Kisha ukasema mwenzako kazini ana fomu ya wasia kutoka kwenye intaneti, ya kujaza na kutia sahihi, bure, basi pesa za wakili za nini? Una haki ya kuuliza, mwanangu, na majibu yake hayafai kusemwa kwa simu huku boti zinanguruma gatini. Nimekaa ukumbini na miwani yangu, nakuandikia.

Nianze na nyumba ya ami yako mkubwa. Utotoni ulikuwa ukicheza pale dakani mpaka mamako atume mtu akuite. Sasa mlango wake una makufuli mawili, moja la watoto wa mke mkubwa na moja la watoto wa mke mdogo, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Juzi nilipita nikasimama. Boriti za chumba cha ndani zimeoza kwa mvua, dari imeshuka, na mpapai umeota humo humo, kilele chake unakiona ukiwa njiani. Vile zidaka vya chokaa alivyokuwa bibi yako akipanga sahani zake za kauri vimejaa uchafu wa popo. Nyumba zetu hizi za mawe zataka mtu wa kuzipaka chokaa na kubadilisha boriti, la sivyo hurudi kuwa kifusi.

Na katika habari ile hakuna mwizi. Usiku wake wa mwisho ami yako alisema kwa kinywa chake kwamba nyumba ni ya mwanawe mdogo, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza. Waliomsikia ni wawili, mwana huyo mwenyewe na mamake. Mimi naamini walisema kweli, maana namjua ndugu yangu, na maneno yale ni yake kabisa. Lakini ulipofika wakati wa kuyasema mbele ya wengine, kila walilotamka lilikuwa linawatia mali mkononi. Nani awasadiki? Na hata wangesadikiwa, ule ulikuwa wasia kwa mrithi, na Mtume (s.a.w.) amesema hakuna wasia kwa mrithi. Haupiti mpaka warithi wenzake waridhie. Hawakuridhia. Watoto waliokula sinia moja leo hawazikani.

Hiyo ndiyo sababu sikukuita. Wewe unanirithi, kaka yako ananirithi, mamako ananirithi. Usidhani nimekupita kwa kuwa u mwanamke, maana kaka yako nimempita vilevile, na mkewe, na mumeo. Nilitaka watu ambao nikifa hawapati kitu wala hawapotezi kitu. Kukuweka wewe kungekuwa kumpa mgomvi yeyote neno la kukurushia usoni mbele ya Kadhi.

Na jambo hili si la Waislamu peke yetu. Rafiki yangu wa Mpeketoni ni Mkristo, na wasia wake unafuata Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Kwao pia ni mashahidi wawili au zaidi, wamwone mwenye wasia akitia sahihi au awakirie mwenyewe kuwa sahihi ni yake. Shahidi akiachiwa kitu humo ndani, yeye au mumewe au mkewe, kile alichoachiwa kinabatilika, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiohusika. Wasia wa mdomo nao hufaa ikiwa tu aliyeusema amekufa ndani ya miezi mitatu. Sisi, tangu sheria hiyo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1990, mali zetu hugawiwa kwa sharia ya Kiislamu. Na Kitabu chetu, katika Suratul Maida, aya ya 106, kinataka wawili waadilifu wakati wa kuusia.

Sasa nikwambie kwa nini niliandika wasia, maana nyinyi warithi hamuuhitaji. Mafungu yenu yamekwisha kugawiwa katika Suratun Nisaa: mamako thumuni, yaani moja ya nane, kinachobaki kaka yako mafungu mawili na wewe fungu moja. Kalamu yangu haina la kuongeza hapo. Nimeandika kwa ajili ya mtoto wa kaka yako mwingine, marehemu. Babake ametangulia mbele ya haki kabla yangu, na maadamu nina mwana mwingine wa kiume aliye hai, mjukuu huyu hanirithi hata boriti moja. Kila jioni anapita na mkoba wake wa chuoni, ananiamkia, anasimama kidogo kama mwenye neno, kisha anaondoka. Moyo wangu haukutulia. Sharia imeniachia mlango mmoja wa kumwingiza, nao ni thuluthi ya mali yangu. Nimemuusia shamba langu la minazi lililoko Hindi, upande wa bara.

Thuluthi hiyo si ya kukisia. Sayyidna Saad bin Abi Waqqas alitaka kutoa zaidi, Mtume akamshusha mpaka theluthi moja, na bado akamwambia kuwa hiyo thuluthi ni nyingi. Kwa hiyo nilileta mthamini akaipima nyumba, shamba na mashua, nikaona shamba limo ndani ya kiasi na bado pana nafasi. Likizidi, ile ziada itangoja ridhaa yenu, na sitaki mtoto yule aje akasimame mbele yenu kuomba.

Turudi kwenye fomu ya mwenzako. Nilimwita mwalimu anifungulie, tukaisoma pamoja. Mstari wake wa kwanza unasema "Mali yangu yote namwachia", kisha nafasi ya kujaza jina. Mali yote! Haijui thuluthi, haijui nani ni mrithi, na mahali pa madeni hapana kabisa. Mwisho wake imetaja sheria za Uingereza. Sisi deni hutangulia wasia, na wasia hutangulia mirathi. Nadaiwa mbao za ile mashua, shilingi 46,000, na deni hilo limeandikwa juu kabisa, pamoja na jina la mdai. Fomu ile ningeijaza, ningekufa nikidhani nimemaliza kazi.

Kabla ya wakili nilikwenda kwa sheikh mwenye elimu ya faraidhi, yaani hesabu za mirathi, nikamtajia nani yu hai na nani amekufa katika ukoo wetu, akanionyesha nani anamzuia nani. Kisha nikatafuta mtu wa kuandika. Hapo nikakutana na bwana mmoja mwenye mkoba na mhuri, akataka shilingi 3,000, akaniambia, "Mashahidi ninao, mzee, wewe weka sahihi tu, wao watatia baadaye." Mwanangu, nilihisi baridi. Watu wasionijua sura, hawajaniona nikishika kalamu, ndio waje waape kwamba waliniona? Nikachukua kofia yangu nikaondoka.

Wakili niliyempata anatoka Malindi, huja kwa kesi zake katika mahakama ya hapa. Kabla sijampa hata shilingi, kaka yako aliulizia Chama cha Mawakili wa Kenya kama jina lake limo na kama ana cheti cha kazi cha mwaka huu, maana wakili hukichukua upya kila mwaka. Wakili hakuudhika hata kidogo. Alitoa risiti. Na pesa zangu zilirudi siku ya kwanza tu, alipoitazama hati ya shamba na kitambulisho changu na kuona jina la babu yako limeandikwa kwa herufi tofauti. Herufi moja! Miaka ishirini hati hiyo imelala kashani nami sikuiona. Nilikula kiapo kwamba majina yote mawili ni mtu mmoja, ndipo tukaendelea.

Mashahidi nilikosea mara ya kwanza. Nilimtaja mwenzangu wa barazani, mtu mwaminifu kuliko wote ninaowajua. Wakili akauliza umri wake. Nikasema 79. Akauliza wangu, nikasema 74. Akanyamaza, akaniacha nifikiri mwenyewe. Kazi ya shahidi huanza mimi nikiwa kaburini, na mwenzangu yule huenda akanitangulia. Basi nikamwomba mwalimu wa nyuma ya nyumba yetu, ambaye hajafika arubaini na kwao ni hapa hapa, na daktari wa zahanati anayenitibu tangu kiharusi. Huyu daktari nilimtaka makusudi. Kesho mtu akisema mzee alikuwa hana akili zake, daktari ataeleza kwamba wiki ile ile alinipima, akanihoji, na akaniona timamu.

Siku yenyewe wakili aliwatoa wote mle ukumbini. Mamako alitoka na buli la kahawa mkononi, amekasirika, na kaka yako akamfuata. Nami mwanzoni sikupenda. Lakini wakili alisema hataki hata mtu mmoja aje kudai kwamba mke au mwana alikuwa amenisimamia kichwani. Alinisomea karatasi yote polepole, akaniuliza nimueleze kwa maneno yangu nimeandika nini, nikamueleza. Kisha mashahidi wakaingia. Hawakuambiwa kilichomo, wala hawakuhitaji kukijua. Nilishika kalamu. Mkono wangu wa kulia unatetemeka tangu kiharusi, na sahihi yangu ilikwenda kama nyayo za kaa mchangani, haifanani na ile ya kitambulisho. Niliona haya. Wakili akatoa wino, nikatia na dole gumba pembeni yake, kila ukurasa, na mwalimu akanifuta kidole kwa leso yake kila mara kabla sijageuza karatasi. Baadaye kila mmoja akaandika jina lake kamili, nambari ya kitambulisho na mahali anapoishi, mbele yangu na mbele ya mwenzake.

Nimekuambia kwa nini si wewe. Sasa nikuambie wewe ni nani katika karatasi ile. Wewe ndiye wasii wangu, yaani mwenye kuutekeleza wasia huu. Wasii si lazima awe mtu baki, na si lazima awe mwanamume. Sayyidna Umar alipoweka wakfu shamba lake la Khaybar, alimwachia bintiye Hafsa usimamizi wake. Kaka yako nilimweleza mwenyewe ana kwa ana, na ameridhia. Anasema wewe ndiye mwenye subira ya makaratasi, na ni kweli. Nilitaka kukuambia ukija, uso kwa uso, lakini maneno ya mtaani yamenitangulia, na kwa hilo nisamehe.

Siku ikifika, utatoa kwanza gharama za mazishi, ulipe deni la mbao, umkabidhi mjukuu wangu shamba, kisha mwende kwa Kadhi na cheti cha kifo na barua ya chifu yenye majina ya warithi, mgawiwe kilichobaki. Karatasi ya asili iko kwa wakili. Nakala iko katika kasha la mamako, chini ya kanga zake za harusi, ndani ya bahasha ya kaki. Simu za mashahidi wote wawili zimeandikwa nyuma ya bahasha. Mwalimu akihamishwa shule, uichukue nambari yake mpya mapema, usingoje.

Ukija mwisho wa mwezi, pitia kwa shemeji yako uchukue cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kile cha asili. Wakili anataka kulinganisha jina lake herufi kwa herufi na lile tuliloandika, na mimi sasa naogopa herufi. Kifunge kwenye plastiki kabla hujapanda mashua, pwani bado ina mawimbi.

Babako