Nilikua Namtafuta Mungu wa Kontena

Jana usiku nimepokea meseji ya dada mmoja wa Bombolulu, hapa Mombasa. Sitamtaja. Ameniandikia kua amefunga siku 21 anaombea kazi, ametoa sadaka ya mbegu mara mbili, hio mara ya pili aliuza simu yake nzuri akabaki na mulika mwizi, na mpaka leo hakuna hata mtu mmoja amempigia amuite intavyuu. Mwisho kabisa akauliza, "Kaka, au ni mimi sina imani?"

Niliweka simu chini nikatoka nje nikakaa barazani. Manake hilo swali mimi mwenyewe nilishawahi kuliuliza, vile vile alivyoliuliza, na niliyemuuliza alinijibu vibaya. Basi dada, na nyinyi wengine ambao najua mnataka kazi, mnataka ploti, mnataka mtoto asome shule nzuri, wacha nijibu kwa urefu.

Mimi nilikua klaring, yaani wakala wa kutoa mizigo bandarini. Nilianza kama kijana wa kukimbiza makaratasi, toka ofisini mjini mpaka Kilindini, toka Kilindini mpaka zile CFS, yaani yadi za kontena nje ya bandari, za Changamwe, jua kali, shati limelowa, na baada ya miaka nikapata wateja wangu mwenyewe wa Nairobi na Kampala. Mzigo ukitoka pesa inatoka. Kanisani nilikua wa mstari wa mbele, tena wa kutoa ushuhuda, nashika maiki nasema Bwana asifiwe, wiki hii Mungu amenipa kontena tatu, na watu wanapiga makofi mpaka mabati yanalia. Sikuwahi hata siku moja kushika ile maiki nikasema wiki hii sikupata kitu ila nimemjua Mungu zaidi. Wala sidhani ningepigiwa makofi.

Alafu ikaja 2019. Ikatoka ile amri kua mizigo ya kwenda Nairobi na bara ipakiwe kwenye treni ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa mpaka Nairobi, ikatolewe huko huko bandari kavu ya Nairobi. Aliyekua Mombasa wakati huo hahitaji kuhadithiwa. Malori yalipaki yakaota nyasi, kina mama wa vibanda vya chakula pale Miritini na Mazeras wakafunga sufuria, watu wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Bosi wangu alituita Ijumaa moja akatupa mkono, mkono mtupu, akatuambia Mungu atafungua njia.

Na mimi nikaenda kumtafuta huyo wa kufungua njia. Niliacha kanisa la wazazi wangu, nikaingia kwingine nilikoambiwa watu wanafunguliwa. Sitalitaja na msiniulize. Huko nilifundishwa kua pesa ni mbegu na ukipanda utavuna, na nilikua na elfu 60 kwenye sacco, karo ya binti yangu ya kuingia fomu wani. Nikatoa elfu 45. Mke wangu hakujua. Nilipanda, nikafunga siku tatu kavu, nikafunga saba, nikaenda kesha kila Ijumaa, na baada ya miezi minne nikamwendea mtumishi nikamuuliza, je ni mimi sina imani? Akaniangalia akasema imani yangu ina tundu, ndo maana baraka zinavuja, nirudi nipande tena.

Nimeshasamehe. Lakini hilo tundu nikilikumbuka bado linauma, siwezi kuwadanganya.

Ya 2020 siyasemi, korona kila mtu alikua na yake.

Sasa hapa ndo nataka msome polepole. Siku moja nilikua navuka feri ya Likoni naenda kwa kakangu mkubwa kukopa. Nimebanwa katikati ya mkokoteni wa machungwa na pikipiki, simu mkononi, nasoma Yohana 6 kwa mazoea tu, manake ile sura naijua tangu sande skul, mikate mitano ya shayiri, samaki wawili, wanaume kama elfu tano wakashiba. Nilikua nikifika hapo naacha. Siku hio nikaendelea. Nikakuta kua kesho yake wale watu wamerudi, hawamuoni Yesu, wakapanda mashua wakavuka ziwa mpaka Kapernaumu kumtafuta. Mimi niko kwenye feri nasoma watu wanaovuka maji kumtafuta Yesu! Na walipompata hakuwasifu hata kidogo. Aliwaambia wazi kua hawamtafuti yeye, wanatafuta mikate kwa sababu jana walikula wakashiba. Akawaambia wakitafute chakula kisichoharibika, alafu akajiita yeye mwenyewe mkate wa uzima. Wakachukia. Wengi waliokua wanamfuata wakarudi nyuma siku hio hio, mpaka akawageukia wale kumi na wawili akawauliza kama nao wanataka kuondoka.

Feri ilifika ng'ambo watu wakashuka wote, mimi nimesimama tu mpaka mlinzi akanipigia filimbi. Manake niliona sura yangu kwenye ile mashua. Makesha yote yale, mifungo yote ile, nilikua navuka maji kufuata mkate. Kakangu nilimuendea bado, nikakopa elfu mbili, unga ulikua umeisha na watoto hawali mawazo. Lakini nilirudi mtu mwingine.

Kesho yake nikajiwekea jambo moja. Nikasema alfajiri hii nitaomba bila kuomba kitu. Mke wangu wakati huo alikua ameanza biashara ya mahamri na mbaazi hapo Magongo, anaamka saa tisa na nusu usiku kukanda, nami nikatoka barazani nikakaa. Nikaanza, Baba asante, Baba wewe ni mwema... na dakika nne hazikufika nikaishiwa. Sikua na la kusema. Miaka kumi na tano kwenye wokovu, mstari wa mbele, maiki mkononi, na nje ya kontena sikua na neno hata moja la kumwambia Mungu. Nilikaa pale nikalia, nasikia mwiko unagonga sufuria ndani.

Nikakaa tena kesho, na mtondo, na wiki iliofuata. Wiki za kwanza ni ukavu mtupu, sitawapitisha huko kote. Ila pole pole nikaanza kusoma aya moja na kukaa nayo mpaka kuche, na kukawa na kitu, amani sijui niiiteje, yaani nilianza kuamka kabla ya alamu kwa sababu nataka kwenda pale. Njaa ya kumtaka yeye. Na ilipokuja hio ndo nikapata nguvu ya kumwambia mke wangu kuhusu ile elfu 45. Hakuniongelesha siku mbili. Siku ya tatu akanipa ndoo ya mahamri, akasema peleka steji.

Nikapeleka. Mtu niliyekua navaa tai, nikauza mahamri steji kwa makonda wanaonijua, na wallahi nilikua na furaha ambayo sikua nayo siku za kontena tatu.

Najua mnangoja niseme baada ya hapo mlango ukafunguka. Ndio, Septemba 2022 rais mpya, William Ruto, siku ya kuapishwa akatangaza shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa, na wateja wawili wakanipigia, na leo natoa mzigo mara moja moja, sio kama zamani. Lakini sikubali mtu aniambie hio ni malipo ya maombi yangu. Ile amri iliondolewa kwa wote, kwa walioomba na wasioomba, Mkristo na Muislamu na yule mlevi wa pale Jomvu mwenye lori moja. Mungu alishanijibu kabla, kule barazani, nikiwa bado na deni la kakangu.

Na hii injili ya kua ukiokoka mambo yako yatanyooka tumeitoa wapi sisi watu wa Pwani? Mimi ni Mrabai, mtu wa Rabai hapa nje ya Mombasa. Nyanyangu alikua akituhadithia habari za wale wamisionari mpaka tunalala. Krapf, mmisionari Mjerumani, aliingia Mombasa 1844, haikufika hata miezi mitatu mkewe Rosina akafariki na kichanga wao akafuata, na kaburi liko hapo upande wa Nyali mpaka leo. Na mwaka huo huo alikua ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na hakuacha kazi. Mwenzake Rebmann akaja 1846, wakafungua misheni Rabai, akakaa karibu miaka thelathini, waumini wachache wa kuhesabika, akaondoka 1875 akiwa kipofu. Leo angesimama kwenye baadhi ya madhabahu zetu angeambiwa imani yake ina tundu! Jamani. Watu waliotuletea Neno hawakua na ushuhuda wa kontena hata mmoja, na bado walikua wameshiba.

Kwa hivyo dada, ushauri wangu ni mdogo na nitaurudia rudia. Acha kupanda mbegu kwa mtu anayekuuzia matumaini, hio simu ilikua yako na Mungu hakuitaka. Wiki hii omba bila kuomba kitu, ukiishiwa na maneno kaa hapo hapo, usikimbie, huko kuishiwa ndo mwanzo. Soma Yohana 6 yote, usiishie kwenye mikate. Na mfungo wako uuangalie tena, manake wangu mimi ulikua mgomo, nilikua namgomea Mungu mpaka anipe nyongeza, na Mungu hagomewi. Kama unafunga, funga kwa sababu unamtaka yeye. Soma pia Kutoka 16, ile mana, chakula Mungu alichowapa Waisraeli jangwani, ilikua ya siku moja moja, waliojaribu kuiweka mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka, kila siku isipokua Sabato ilibidi watoke tena wakaokote. Ndo ivo hata hiki chakula kingine, huwezi kula kesha la Ijumaa ukashiba mpaka Ijumaa nyingine. Kila siku utoke.

Na tafadhali asije mtu hapa akasema nimesema njaa ya tumbo si kitu. Yakobo kwenye waraka wake ameandika kua ukimwambia ndugu mwenye njaa nenda kwa amani ukashibe, na humpi kitu, umemfaidi nini? Kazi itafute, peleka sivii, piga simu, uliza watu. Hio ni kazi ya mikono na miguu. Ila usimgeuze Mungu kua afisa wa ajira, alafu akikawia ujione wewe ndo mwenye kasoro. Huna kasoro dada. Una njaa mbili na umekua ukiilisha moja tu.

Nimemuonyesha mke wangu meseji yako asubuhi hii, akaisoma mara mbili akanyamaza. Sasa hivi anasema nikuulize unakaa upande gani wa Bombolulu, anataka Jumamosi aje na unga na mbaazi, mkae, na hatakuja na mafundisho yoyote. Nijibu kwenye simu.