Jibu: Historia ya faili lililobadilishwa jina katika Git

Ndugu, umeuliza kama historia ya faili lako imepotea, kwa kuwa kumbukumbu unazoziona zinaanzia siku ulipolibadilisha jina. Haijapotea. Git, programu ya kutunza matoleo ya faili za mradi, tofauti na Subversion, programu nyingine ya aina hiyo, haiandiki popote kwamba faili limehamishwa au kubadilishwa jina. Huhifadhi hali ya mradi mzima katika kila komiti (yaani kila mara unapohifadhi mabadiliko rasmi), kisha unapoiuliza hulinganisha yaliyomo na kukisia uhamisho iwapo yanafanana kwa angalau asilimia 50. Ili kuona historia yote, hata ya kabla ya jina kubadilika, tumia amri `git log --follow` ikifuatiwa na jina jipya la faili, faili moja tu kwa wakati mmoja. Ninakusihi sana, siku nyingine badilisha jina katika komiti ya peke yake kabla ya kuhariri yaliyomo, kwani mabadiliko makubwa yakichanganywa humo, Git italihesabu kuwa faili jipya kabisa.